Mgeni Aliyeondoka Kabla ya Pilau

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Neema, nikiikumbuka naisikia kwanza harufu ya pilau. Tulipika masufuria mawili makubwa kule Fairfield, mtaani kwetu sisi wahamiaji, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, na mgeni tuliyempikia aliondoka bila kuonja hata punje. Nimeikumbuka tangu jana ulipokuja hapa na faili lako.

Umeniomba nikuangalizie maombi ya fedha za chekechea mnayotaka kuanzisha huko mashambani, kwenye huo mji mdogo wa kiwanda cha nyama mnakohamia. Nimeyasoma. Kiingereza chako kizuri, mpangilio mzuri, sina cha kusahihisha. Ila mwishoni umeandika kwamba jumuiya yenu inaendelea vizuri na mnashukuru kwa yote. Hapo nikavua miwani. Nimechoka, mwanangu, na miguu hii imesimama zamu nyingi ikiuguza wazee wa watu, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole. Ukubwa jalala. Kila mmoja huja kunitupia la kwake, na leo nakutupia na wewe la kwangu.

Ilikuwa kati ya corona na corona, baada ya kufungiwa mara ya kwanza na kabla ya kufungiwa mara ya pili. Utasema wakati ule sikuwa kijana. Kweli, nilikwisha kuwa na wajukuu Tanga. Lakini katika nchi hii, ambako nilimfuata marehemu mume wangu, nilikuwa bado mchanga, na mtu akihamia ugenini huanza utoto upya. Hajui kupanda treni, hajui kusema na daktari, hajui hata lini acheke. Kwa hiyo nihesabu kijana, na usinicheke.

Tulikuwa na kikundi cha watoto wadogo. Tulikiita chekechea, ingawa hapakuwa na mwalimu wala ubao. Palikuwa na ukumbi, na uani palikuwa na mchanga, ndoo za maji, matairi ya zamani na masufuria tuliyochoka kuyasugua. Akina mama wengi walikuwa Warundi waliokulia kwenye makambi ya Kigoma, Mama Fifi alikuwa Mkongo, na mimi Mtanzania. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Watoto tuliwasemesha Kiswahili, wakatujibu Kiingereza, maisha yakaenda.

Katika watoto hao alikuwamo Davidi, mjukuu wa Bibi Koleta. Mama yake, Shantali, alifanya kazi kwenye ghala kule Wetherill Park. Anatoka alfajiri, anarudi hoi. Davidi alishinda na bibi yake kwenye fleti ya vyumba viwili, na simu. Alikuwa anakaribia miaka minne na alikuwa hasemi. Kiswahili hasemi, Kirundi hasemi, Kiingereza hasemi. Daktari alimpima akasema masikio mazima, anachokosa ni watoto wenzake. Basi bibi yake akamleta kwetu. Mwanzoni alisimama mlangoni tu. Baadaye akasogea karibu na ndoo. Siku moja mwenzake alikuwa anasitasita na kopo la maji juu ya mchanga, Davidi akamwambia, "Mimina." Bibi Koleta alikaa chini pale pale akajifunika uso na kitenge, na sisi tukajifanya tunafagia.

Sasa ndiyo ujue kilichokuwa hatarini. Mwaka uliofuata mtoto yule alikuwa aingie shule kubwa, na akiingia bila maneno ataachwa nyuma tangu siku ya kwanza. Alihitaji ule mwaka mmoja wa matope na wenzake. Na ukumbi ulikuwa unatuponyoka. Wenye kanisa walikuwa wametuachia bure, lakini corona ilipokuja sadaka zikapungua na gharama za usafi zikapanda, wakatuambia kwa upole kwamba katikati ya mwaka tuanze kulipa kama wengine au tuwape wengine. Sisi hatukuwa na cha kulipa. Ndipo tukasikia kuwa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ina fungu la fedha la kusaidia vikundi vya watoto. Tukaomba, tukajibiwa kwamba afisa atakuja kutuona.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Zakaria, mtu wa suti na heshima zake, aliyekuwa mwalimu kambini. Alituita kikao. Akasema, "Mgeni wa serikali hapokelewi na matope." Usimlaumu, mwanangu. Kule kambini wageni wa mashirika walipokuja, watoto walioshwa, wakapangwa mstari, wakaimba, na sehemu ya kambi iliyoaibisha wenyeji iliongelewa vibaya mwaka mzima. Ndivyo alivyofundishwa na maisha. Na sisi wa pwani tukoje? Mgeni akitaka kuja unaazima vikombe kwa jirani. Hakuna hata mmoja wetu aliyempinga. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema pilau litoshe mpaka la kufungashia.

Basi tukaandaa. Mchanga tukaufunika turubai. Matairi tukayasukuma nyuma ya mapipa ya taka. Ndoo na masufuria yakaingia stoo. Tukapanga viti, tukaweka meza ya mbele yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Watoto wakavalishwa nguo za Idi na za Krismasi, wakafundishwa wimbo wa kukaribisha. Davidi alivalishwa tai. Bibi Koleta hatukumwita kikaoni, maana tulisema mama mtu mzima apumzike.

Afisa akaja. Jina lake Jeni, dada mdogo tu, barakoa usoni, begi mgongoni, suruali ya kawaida na viatu vya kukimbilia. Nadhani alikuja amejiandaa kukaa chini. Tukampeleka meza ya mbele. Watoto wakaimba, kisha wakakaa wakakunja mikono. Jeni aliwatazama muda mrefu.

"Huwa hivi siku zote?" akauliza.

"Siku zote," Mzee Zakaria akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kifua mbele. "Watoto wetu wana adabu."

"Na ni kitu gani kinachowasumbua zaidi?"

"Kwa kweli hatuna neno. Tunamshukuru Mungu na tunaishukuru serikali."

Wakati huo Davidi alishuka kwenye kiti akaelekea uani, kwenye turubai. Mjomba mmoja akambeba akamrudisha. Hakulia wala hakukataa. Alikaa akaangalia viatu vyake.

Hapa, mwanangu, nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye ugonjwa. Wewe umekulia huku, huenda hujaliona vizuri jambo hili kwa wazazi wako. Sisi ukituuliza habari tunakwambia nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mtu anaweza kuwa ametoka kuzika jana, atakujibu salama. Mtakaa, mtakula, mtanawa mikono, kisha atavuta pumzi aseme, "Ila ndugu yangu..." Habari yenyewe iko kwenye hiyo ila. Yale ya mwanzo ni kubisha hodi tu. Mle ukumbini sote tulielewa kwamba "hatuna neno" ya Mzee Zakaria ilikuwa ya mlangoni. Ukumbi unaotuponyoka, kodi, Davidi, vyote hivyo alikuwa amevipanga vizuri kichwani avitoe baada ya pilau.

Na Jeni hakula. Kwanza sheria za corona ofisini kwao zilimkataza kula kwenye ziara, pili alikuwa na kikundi kingine cha kukitembelea. Alishika mkono kifuani akashukuru, akasema watoto wazuri, akaenda. Tukamkimbilia na sahani iliyofunikwa karatasi ya foili mpaka kwenye gari, akakataa kwa adabu. Ila yetu ikabaki ukumbini na masufuria mawili.

Jibu lilipokuja lilikuwa la heshima mno. Walisema fungu ni dogo na waombaji wengi, kwa hiyo watawapa wenye shida zaidi, maana sisi tunaonekana tunajiweza. Tulisomewa kwenye maegesho ya kanisa, tumesimama mbalimbali na barakoa zetu. Mama Fifi akasema, "Bon, tumekula pilau, tumejiweza." Hakuna aliyecheka.

Bibi Koleta alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, Davidi amemlalia gotini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu ya leo.

"Mimi nauliza tu," akasema. "Yule dada alikuja kula ama alikuja kuangalia?"

"Alikuja kuangalia, mama," Mzee Zakaria akajibu.

"Mkamuonyesha nini?"

Hakungoja jibu. Akaendelea bila kupandisha sauti. "Kambini tulikuwa tunapanga mstari kwa sababu lile gunia la unga lilikuwa linakuja, ucheke, ulie. Hapa mtu anauliza kwanza. Mmemwambia hamna shida, akawaamini. Kosa lake liko wapi? Mficha uchi hazai, wanangu. Mmemvalisha mjukuu wangu tai, mkafunika mchanga wake, mkasema hajambo. Hajambo huyu?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mama Mwanajuma. Unakaa na wazee wa kizungu kila siku. Wakiumwa si wanakwambia wanaumwa?"

"Wananiambia, mama. Hata kabla sijavua koti."

"Na wewe unawaonaje? Unawadharau?"

Nikasema hapana. Na ndiyo kweli yenyewe, mwanangu. Yule anayeniambia mgongo unamuuma upande huu, huyo ndiye ninayeweza kumgeuza akalala. Anayeniambia yuko salama namwacha nakwenda kwa mwingine. Nilifanya kazi hiyo kila siku na sikuwahi kuifikiria kwa ajili yetu. Niliona aibu, na nikamkasirikia yule bibi kwa sababu alisema kweli.

Mzee Zakaria alivua kofia. "Tumekosa, mama," akasema. Sikumwona akijitetea, na tangu siku ile namheshimu zaidi.

Tulitaka kuomba upya mara moja, lakini corona haikutungoja. Mji ukafungwa tena, na safari hii Fairfield ilibanwa kuliko mitaa mingine. Polisi mitaani, baadaye wanajeshi, helikopta juu ya mapaa. Kazi zetu sisi hazifanyiki sebuleni. Tulitoka, tukachokolewa pua kupimwa kila mara, tukarudi tukiogopa kuwapelekea ugonjwa waliobaki ndani. Ukumbi ulifungwa kufuli. Davidi alirudi kwenye fleti na simu yake, na yale maneno machache aliyokuwa ameyaokota, mimina, leta, yangu, yakaanza kupotea. Shantali aliniambia kwa simu, "Mama, sasa ananivuta mkono tu." Alisema hivyo akiwa kwenye mapumziko ya ghalani, nasikia mashine nyuma yake.

Bibi Koleta akanisukuma nimpigie Jeni. Nilimwogopa yule dada kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Tukapanga simu ya video, Shantali naye awemo siku yake ya mapumziko. Jeni alitokea akiwa nyumbani kwake, nywele hazijachanwa, mtoto wake mwenyewe anampanda shingoni. Akaniuliza hali. Wallahi nilihisi ile nzuri imeshafika kwenye meno. Nikaimeza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini, "Hatuko vizuri. Hali yetu mbaya."

Nikamweleza yote. Shantali akageuza simu yake, hakupanga wala hakufagia, akamwonyesha Davidi amejibana nyuma ya kochi, vyombo vimejaa kwenye sinki, bibi amelala kwenye godoro sebuleni. Mwanangu, kumwonyesha mgeni sinki lako ni kazi ngumu. Shantali aliifanya huku machozi yanamtoka.

Jeni akamshusha mtoto wake chini. Kisha akauliza, "Kwa nini hamkuniambia siku ile?"

"Tulikuwa tunakungoja ule kwanza," nikamwambia.

Akanitazama kama hakusikia. Nikamfafanulia, habari za mlangoni na habari za baada ya chakula. Alianza kucheka, kisha akaacha kucheka akafuta macho. Akasema hakujua. Nikamwambia na sisi hatukujua.

Usidhani hapo milango ilifunguka. Ilibidi kikundi kisajiliwe, tupate bima, kila anayegusa watoto achunguzwe na polisi. Kila nilipotoka kazini nilikuta swali jipya. Jeni akahamishwa, akaja bwana mwingine akaanza kuuliza tangu mwanzo, na mimi nikaanza kujibu tangu mwanzo: hatuko vizuri, hali yetu mbaya. Niliisema sentensi hiyo mara nyingi mpaka ikaacha kuniumiza. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Hawakwambii kwamba mbivu nyingine humkuta mvumilivu meno yameshang'oka.

Fungu lilipatikana mwaka uliofuata, baridi ikianza. Ukumbi ukawa wetu kwa siku mbili kila wiki, na mwalimu wa kulipwa, binti mzuri anayejua kucheza. Tulifungua bila wimbo na bila meza ya mbele. Turubai lilitolewa, watoto wakaloa mpaka magotini, mama zao wamekaa chini nao. Na mimi nilisimama mlangoni nimechoka, nikawa natafuta furaha ndani yangu, naipata nusu.

Kwa sababu Davidi hakuwamo. Alikuwa ameshatimiza miaka, ameshaanza shule kubwa. Walimpeleka na kaptula inayomfika magotini na begi kubwa kuliko mgongo wake, na miezi yake ya kwanza huko alishinda chini ya meza. Wenzake walisoma herufi juu, yeye yuko chini ameshika mguu wa meza. Mwalimu wake alikuwa na roho nzuri, alimvumilia. Leo anasema, mwanangu, Alhamdulillahi, ukikutana naye atakuchosha kwa Kiingereza. Lakini mwaka ule hakuna fungu la kaunsili litakalomrudishia.

Siku hiyo ya kufungua, Bibi Koleta alikuja peke yake, hana mtoto wa kumshika mkono. Nilikwenda nikamshika mabega. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Imechelewa."

Aliwatazama wale watoto wa wenziwe.

"Haijachelewa," akasema. "Imechelewa kwa Davidi tu."

Akavua viatu, akashuka chini kwa shida, akakaa nao.

Sasa nisikilize, Neema, maana simulizi haina faida bila nasaha. Huko mnakokwenda mtakuwa wachache na hamjulikani. Atakuja afisa. Mpikie, sikukatazi, sijaona aibu katika pilau na sitaanza uzeeni. Lakini acha matope mahali pake, acha pua za watoto zichuruzike, na wewe mwenyewe uwe umekaa chini. Akikuuliza hali, mjibu hali, si salamu. Anza na ile ila. Mwambie akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hujamvutia kiti, kwamba kuna mtoto fulani, mtaje, na kwamba anakosa kitu fulani, na kwamba hana muda. Utaona haya. Ona haya, kisha sema. Kunyamaza kwa heshima ni kuzuri tukiwa wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa sisi tunajua kusubiri sentensi ya pili. Mgeni anaandika ya kwanza akaondoka. Na tukimnyamazia, wanaolipa ni watoto, si sisi wakubwa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na yule bibi alilijua hilo kabla yetu sote.

Kwa hiyo ifute ile sentensi ya mwisho. Andika shida yenu kama ilivyo, na aibu yake.

Haya, nenda, binti yangu, mimi nimesema mpaka koo limekauka. Mwenyezi Mungu akutangulie huko mashambani. Akupe nyumba yenye joto na majirani wanaobisha hodi. Akupe ulimi usioogopa kusema unapoumwa. Na fungu mnaloliomba, aliharakishe, liwakute watoto wenu wangali wadogo. Amina.